Mshahara wa Pasta Umeanza Kazi Kabla ya Kulipwa

Leo huku Rangwe nimesikia maombi yakibadilika katikati ya mazishi.

Tulikuwa tunamzika Ouma. Alifia mlangoni mwa zahanati ya serikali iliyofungwa, na mama yake alikuwa amemwomba pasta alitaje jambo hilo mbele ya watu wote. Pasta akakubali.

Pasta wetu haogopi mtu. Wiki nzima anaendesha boda, na akizika anapewa kuku.

Kabla ya maombi, mheshimiwa mbunge wetu akashika maiki. "Serikali inapanga kuwalipa wachungaji mshahara!"

Makofi. Pasta alipiga kuliko sisi wote.

Kisha akaomba: "Bwana, umemchukua Ouma kwa sababu ulimpenda zaidi."

Amina.

Zahanati haikutajwa.

Mama Ouma akasimama kando ya kaburi. "Pasta, si Mungu aliyefunga ule mlango."

Pasta akaangalia viatu vyake. Vimetoboka, na watoto wake wako nyumbani kwa sababu ya karo. Ndiyo maana nashindwa kumtukana.

Baadaye Mama Ouma alimletea kuku wake, kama kawaida. Pasta hakuweza kunyoosha mkono.

Sasa jameni, mnaoutaka huo mshahara, niambieni: siku yangu ikifika, nani atasema mlango ulikuwa umefungwa?