Daftari la Ubishi

Vuta kiti ukae, nikusimulie habari ya harufu moja ambayo hata leo ikinipita puani hunirudisha Rudewa nikiwa na miaka kumi. Ni harufu ya solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, ikiwa imechanganyika na chai ya tangawizi. Mjomba wangu Shabani alikuwa fundi baiskeli, na kibanda chake kiliegemea ukuta wa ghala la zamani la mkonge, upande wa kivuli. Ghalani hamkuwa na kitu tena. Shamba la mkonge lilikuwa limekufa kabla sijazaliwa, likaacha mistari ya mimea iliyogeuka pori, kuta zisizo na mabati, na uwanja mpana wa kuanikia nyuzi ambao vijana waliugeuza kuwa wa mpira. Zile nyuzi watu wa mkonge huziita singa, na timu yetu ikachukua jina hilo. Ilikuwa timu ndogo, ya ligi ya wilaya, yenye jezi ambazo namba zake zilibandikwa upya kila baada ya kufuliwa. Lakini ukikaa pale kibandani jioni, ungedhani nchi nzima inasubiri kujua Singa watafanya nini.

Nikueleze kwanza utaratibu wenyewe, maana bila huo hutaelewa kosa langu. Wiki chache kabla ya ligi kuanza, mashabiki walikusanyika kwa mjomba kila alasiri kwa kazi waliyoiita kuipima timu. Kila mmoja alitakiwa kusema Singa itamaliza nafasi ya ngapi kati ya timu nane, na atoe sababu. Aliyesema nafasi bila sababu alipewa pampu, ajaze upepo tairi la baiskeli iliyokuwa inamsubiri mwenyewe. Watu wazima, wengine wana wajukuu, niliwaona wakipampu huku wakichekwa. Mzee Kibwana, aliyekata mkonge miaka yake yote ya ujana, hakuwahi kuishika ile pampu, na alipenda kutukumbusha hilo. Sababu zake zilikuwa nyingi na zote mbaya. Kila mwaka aliiweka Singa ya mwisho. Mama Hadija, aliyeuza chai na mihogo ya kukaanga pembeni ya kibanda, kila mwaka aliiweka ya kwanza, na hao wawili walibishana kama watu waliolipwa.

Tatizo lilikuwa mwisho wa msimu. Mwaka uliotangulia Singa ilimaliza ya tano, na ghafla kila mtu akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyesema ya tano. Hata Mama Hadija. Mjomba akachoka. Akanunua daftari kubwa, akachora kila ukurasa mistari mitatu ya kushuka chini kwa kalamu na rula: Jina, Nafasi, Sababu. Kisha akanikabidhi mimi, kwa kuwa mwalimu wangu wa darasa la nne aliusifu mwandiko wangu mbele ya watu. Kuanzia siku hiyo wakaniita Karani. Nikitoka shule, namsalimia kila mkubwa shikamoo, naitikiwa marahaba Karani, nakaa juu ya kreti la soda, nafungua daftari. Nilijiona mtu mkubwa. Lakini zaidi ya kujiona, nilikuwa na hamu ya kweli ya kujua jambo moja: watu wazima wanajuaje kitu ambacho bado hakijatokea?

Basi nilisikiliza kwa makini kuliko nilivyosikiliza darasani. Mama Hadija alisema ya kwanza, kwa sababu Athumani, mshambuliaji wetu, alikuwa ameoa mwezi wa kumi na mbili. "Sasa anakula kwa wakati," akasema. "Mwaka jana alikuwa anakimbia na njaa." Nikaandika. Mzee Kibwana alisema ya nane, kwa sababu vijana wa siku hizi miguu yao imezoea pikipiki. Nikaandika. Mjomba mwenyewe alisema ya tatu, kwa sauti ya chini, huku akizungusha tube ndani ya beseni la maji akitafuta mahali povu linapotokea. Sababu yake ilikuwa mabeki wawili wa kati, ndugu wa tumbo moja, ambao alisema wanaelewana bila kusemeshana. Nikaandika hiyo pia, na moyoni nikaona ndiyo sababu nzuri kuliko zote.

Siku moja ikaja barua kutoka kwa waandaaji wa ligi. Mjomba aliisoma kwa sauti. Ilisema kwamba mwaka ule ligi haitachezwa baada ya mavuno kama ilivyozoeleka. Itaanza mwezi wa pili, itasimama mvua zikizidi, na mzunguko wa pili utachezwa mwezi wa tano na wa sita. Barua hiyo hiyo ilitaja wachezaji walioidhinishwa, na miongoni mwao alikuwa winga mpya kutoka Magole. Ubishi wote ukahamia kwa winga. Je, atakuja mazoezini kutoka huko mbali? Je, ni kweli anapiga kwa miguu yote miwili? Wakaendelea hivyo siku tatu, na mimi nikajaza kurasa mbili.

Siku ya tatu alikuwepo Bwana Maduhu. Alikuwa mfugaji aliyehamia na familia yake kutoka kanda ya ziwa, wakajenga ng'ambo ya mkonge uliobaki. Kila siku alipita na baiskeli yenye madumu ya maziwa, na ikipata pancha alikaa nasi kusubiri. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, na watu walimwita mtu wa maziwa. Alisikiliza ubishi wa winga mpaka mwisho, akakohoa kidogo, akasema, "Samahani jamani, naomba kuuliza. Huo mwezi wa tano, ndege wakishuka kwenye mpunga, hao mabeki wenu watakuwa wapi?"

Watu wakatazamana, kisha wakacheka. Mama Hadija akamwambia, "Tumekuuliza Singa itakuwa ya ngapi, wewe unatuuliza mpunga. Pampu hiyo hapo, baba." Naye akacheka kidogo, akainuka, akajaza upepo tairi lake mwenyewe. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Nilitazama mistari yangu mitatu. Jina ningeweza kuliandika. Nafasi hakutaja. Sababu hakutoa. Swali halikuwa na pa kukaa, na sikutaka kuuchafua ukurasa. Nikafunika kalamu.

Mzunguko wa kwanza Singa waliongoza ligi. Nakumbuka nilivyokuwa nalala na daftari chini ya mto, maana Mama Hadija alinitaka nimsomee mstari wake kila ninapopita. Kisha mvua za masika zikaja, uwanja ukageuka bwawa, na huko bondeni mpunga ukarefuka mpaka ukamfika mtu kiunoni. Kama hujawahi kulima mpunga, nikuambie jambo moja. Punje zikianza kujaa, ndege wadogo waitwao kwelea kwelea hushuka kwa maelfu kama kitambaa kinachotupwa shambani, na wasipofukuzwa wanamaliza jasho la mwaka mzima. Kwa hiyo kila familia hujenga dungu, jukwaa la miti lililo juu ya mpunga, na mtu mwenye mkono wa nguvu hupanda pale na kombeo na madongo ya udongo. Kazi hiyo huitwa kuamia. Ndege hula asubuhi sana, na hula tena kuanzia saa kumi jioni. Mechi za ligi nazo zilianza saa kumi jioni.

Mabeki wawili wa kati, wale walioelewana bila kusemeshana, walipanda dunguni kila mmoja kwenye shamba lake. Athumani akapanda, kwa kuwa sasa alikuwa na mke na ekari mbili. Yule winga wa Magole hakuonekana, kwani kwao nako kulikuwa na ndege. Mechi moja tuliicheza tukiwa tisa, na mmoja wa hao tisa alikuwa dereva aliyewaleta. Timu zote za mashambani ziliporomoka, na timu za mjini Kilosa, zenye vijana wa madukani na wa gereji, zikapita juu yetu. Singa ilimaliza ya saba.

Fikiria hapo. Wale watu waliobishana mwezi mzima walikuwa wakulima. Ungemwamsha yeyote kati yao usingizini, angekutajia wiki ambayo ndege hushuka. Lakini mpira walikuwa wameuzoea wakati mpunga uko ndani ya magunia, hata wakasahau kwamba miguu inayocheza na mikono inayorusha madongo ni ya watu walewale.

Mavuno yalipokwisha tukakutana kusoma daftari, kama tulivyoahidiana. Mama Hadija alileta sinia la wali wa mpunga mpya. Nikasimama juu ya kreti na kusoma jina moja baada ya jingine, watu wakazibana mbavu kwa kucheka, na Mzee Kibwana akapongezwa kwa kukaribia. Nilipofunga daftari, Bwana Maduhu, aliyekuwa ameegemea baiskeli yake nyuma ya wengine, akasema, "Na langu, mwanangu? Mimi niliuliza habari ya ndege."

Nilijua halimo. Nikafungua kurasa hata hivyo, nikajifanya natafuta.

Mzee Kibwana hakucheka tena. Wiki ile kulikuwa na kesi iliyosubiri baraza la kijiji siku ya Ijumaa: ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi ya mpwa wake, na Bwana Maduhu alikana kwamba ni wake. Alisema siku ile alikuwa amewavusha ng'ambo ya mto. "Mnamsikia?" akasema Mzee Kibwana. "Anadai alisema neno, na daftari halina. Kesho kutwa atatuambia na ng'ombe walikuwa ng'ambo. Mtu akidanganya kwenye mpira, tumwamini kwenye mahindi?"

Wengine wakaguna kukubali. Mama Hadija akasema kwa uaminifu kabisa, "Mimi nakumbuka alipampu tu." Nadhani kweli walikuwa wamesahau. Walikuwa wameliachia daftari kazi ya kukumbuka, nao wakapumzika.

 Nikisema, ukarani umekwisha, na mjomba aliyenisifia kwa kila mteja atachekwa. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nilimtazama Bwana Maduhu. Hakuwa akinitazama, alikuwa anakaza mpira wa kufungia madumu yake, taratibu, kama mtu aliyezoea kuondoka kabla hajaambiwa aondoke. Mikono hiyo ndiyo iliyonifungua mdomo.

"Alisema," nikasema. "Aliuliza mabeki watakuwa wapi ndege wakishuka. Mimi ndiye sikuandika."

"Kwa nini?" akauliza mjomba.

"Lilikuwa swali. Hapakuwa na mstari wa swali."

Mjomba alichukua daftari, akaliangalia muda mrefu kama anavyoangalia tube isiyotoa povu. Nikajiandaa. Akasema, "Mistari niliichora mimi." Akanipa rula na kalamu. "Chora wa nne. Halafu andika swali lake, na uandike pia kwamba umeliandika leo, siyo siku ile, ili mtu asije akadanganyika." Nikachora. Mstari ukapinda, na ulibaki umepinda. Nikaandika.

"Soma tena," akasema Mzee Kibwana. Nikasoma. Akachokoa meno, kisha akasema, "Haya. Ijumaa tutamsikiliza."

Mama Hadija akaokota pampu, akamnyooshea. "Umemwita mtu mwongo bila sababu, mzee wangu. Sheria ni sheria." Watu wote wakamtazama. Mzee Kibwana alishusha pumzi, akavua koti lake, akalitundika kwenye usukani wa baiskeli ya Bwana Maduhu, akajaza upepo tairi la nyuma mpaka likawa gumu kama jiwe. Siku ya Ijumaa walimsikiliza kweli. Walitembea wote mpaka mtoni, wakafuata alama za kwato zilikotokea, wakakuta zimetoka upande wa juu, kwenye njia ambayo ng'ombe wake hawapiti.

Sasa ninafundisha Mikumi. Jioni nikipita kwenye migahawa ya barabara kuu nawakuta mashabiki wa timu kubwa za Dar es Salaam, na hata wa timu za Uingereza, wakiipima kila mmoja timu yake. Wanajua mengi kuliko tuliyoyajua. Wana simu zenye takwimu za kila mchezaji, na ukikana ulilosema mwezi uliopita, kijana anakuonyesha ujumbe wako kwenye kundi, na saa uliyoutuma. Mjomba angefurahi. Lakini nimekaa kwenye makundi hayo nikachunguza, maana hamu yangu ya utotoni haijaisha, na naona mambo mawili. Bado tunajibu nafasi ya ngapi kwa haraka sana. Na bado anatokea mtu mmoja, mara nyingi mgeni wa kundi, anauliza swali dogo lisilofanana na maneno ya wengine, anachekwa kwa vikatuni vitatu vinne, na ujumbe wake unapanda juu hadi haupo tena machoni. Tofauti ni kwamba siku hizi swali limehifadhiwa, ila hakuna karani wa kulisoma mwisho wa msimu.

Daftari ninalo bado. Linanukia solusheni kidogo, au pengine ni mimi ninayetaka linukie. Na wewe, kabla ligi haijaanza, chukua karatasi uchore mistari minne: jina, nafasi, sababu, swali. Anza kujaza ule wa nne.