Mkasi wa Uzinduzi Ulikuwa Chooni

Jamani, mcheke nikimaliza, msinikatize katikati, maana habari hii nikikatizwa siwezi kuianza tena, haya zinanirudia usoni kama vile imetokea leo asubuhi. Kuna watu Kolwezi mpaka leo hawalijui jina langu. Wananijua kwa kile choo.

Miaka ile ya Zaïre nilikuwa sekretari wa kamati ya usafi ya mtaa wetu, kazi isiyo na mshahara ila yenye abakosti (lile koti la bila tai ambalo kila mwenye heshima zake alilivaa, langu lilikuwa la kuazima kwa shemeji na lilinibana kwapani). Mtaa wetu ulikuwa ng'ambo ya barabara tu kutoka kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Wao kambini walikuwa na bomba, vyoo na taa, sisi tulikuwa na vumbi la kampuni na kijito. Mvua zilizokuwa zimepita, ugonjwa wa kuhara ulitembea nyumba kwa nyumba ukamchukua mtoto wa jirani yangu, mtoto niliyekuwa nikimbeba mabegani kila jioni, na wakati huo mke wangu Ngoie alikuwa na mimba. Nikiwaambia niliogopa sijawaambia hata nusu. Nilikuwa nikimwona mtu anachota maji kijitoni, namkimbilia kumwambia ayachemshe.

Basi tukaenda kulia kwenye kampuni ya shaba, tukarudi, tukaenda tena, mpaka wakakubali: wao watatoa saruji na mabati, sisi tutatoa mikono siku za salongo (ile kazi ya wote ya Jumamosi, ambayo usipokuja unaulizwa uko upande gani). Injinia wao, Citoyen Mutombo ("raia", ndivyo tulivyoitana wote miaka ile), mtu wa kutazama saa kila wakati, alituambia waziwazi: "Musalani kwanza. Nikiona batu banaitumia kweli, nitaleta bomba ya maji. Kama habaitumie, basi, mi na nyinyi tumemalizana."

Tukajenga. Jengo zuri, bwana, lenye mlango mmoja wa bati unaotazama barabara na ndani vyumba pande mbili, wanaume huku, wanawake kule. Shida ikawa ukwe. Kwetu mwanaume haonwi na mama mkwe wake akienda chooni, hata kulitaja neno lenyewe mbele yake ni kosa la kulipia kuku, sasa mtaa mzima mpite mlango mmoja, mkwe na mkwe? Wazee wakaguna kwenye mkutano. Na nani alisimama kuwajibu? Mimi hapa, kidole juu. "Batata na bamama, hii mambo ni ya zamani! Ugonjwa hauulize nani ni mukwe wa nani!" Wakanipigia makofi, nami nikajiona mtu. Sikuangalia kwamba waliopiga makofi walikuwa vijana ambao hawajaoa.

Ikafika siku ya uzinduzi. Usiku sikulala vizuri kwa wasiwasi, asubuhi nikakata kiu kwa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, na ule munkoyo, kumbe, haukuwa umeiva. Nikiwa napigilia msumari wa mwisho wa kufunga utepe, tumbo likaniita. Halikuniomba, liliniita.

Nikatoka mbio za heshima mpaka nyumbani. Choo changu kiko nyuma ya jiko, na njia ni moja, na katikati ya njia hiyo, kwenye kigoda, amekaa mama mkwe wangu akichambua sombe, yale majani ya muhogo, ya wageni. Alikuwa amekuja kwa treni kutoka Mutshatsha na gunia lake la makaa, kumsaidia Ngoie aliyekuwa amejifungua. Mama mwenye adabu zake, mpole, sauti nzuri ya kuongoza nyimbo. Nikafika kwenye kona ya jiko, nikarudi. Nikaenda tena, nikarudi. Ngoie akanishangaa.

"Unatafuta nini?"

"Nyundo."

"Nyundo iko mu mukono yako."

Ndiyo, rafiki zangu. Mimi niliyewaambia wazee kwamba hayo ni mambo ya zamani, nilishindwa kupita mbele ya mama mmoja na sombe yake.

Nikarudi kule kwenye jengo letu huku jasho linanitoka. Hapakuwa na mtu. Wageni walisema saa nne, na kila mtu Kolwezi anajua saa nne ya wageni wakubwa ni saa saba. Nikajiambia, dakika mbili tu, nani atajua? Nikafungua kufuli, nikaliacha likining'inia kwenye komeo nje, nikainama chini ya utepe, nikaingia, nikasukuma mlango nyuma yangu. Mfukoni nilikuwa na ufunguo, mkasi wa kukatia utepe, na hotuba ya mkubwa wa mtaa niliyoiandika mwenyewe kwa mashine ya parokia. Yaani sherehe nzima ilikuwa mfukoni mwangu, na mimi nimechuchumaa.

Nilipomaliza (naruka sehemu hiyo) nikagundua kamati yangu ya usafi imesahau kuweka maji na karatasi. Nikaitoa hotuba. Ilikuwa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa sifa za viongozi wetu, na hiyo, bwana, nani angethubutu? Watu walifungwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Ya pili ilikuwa ombi letu la bomba. Niliziangalia zote mbili kwa muda mrefu, Mungu ni shahidi wangu. Nikaitumia ya pili.

Hapo hapo nikasikia ngoma.

Siku moja tu tangu Kolwezi iwe Kolwezi, wageni wakubwa walifika kwa saa waliyosema! Magari, milango inafungwa, watu wanakimbia, wanamama wa animasioni (wale waimbaji ambao bila wao hakuna sherehe iliyofunguliwa miaka ile) wanajipanga. Nikavuta suruali. Nikasikia viatu vya Tata Kalenga, mkubwa wa mtaa, vinakuja, na sauti yake: "Nani ameacha mulango wazi? Batoto bataingia kuchafua!" Halafu kha! Kufuli.

Mnaniuliza kwa nini sikukohoa? Ndivyo inavyofanywa, mtu akiwa ndani anakohoa. Nilikwisha kufungua mdomo, naapa, na wakati ule ule nikasikia sauti inaanzisha wimbo, karibu kabisa, nje ya bati. Sauti ya mama mkwe. Wamemweka mstari wa mbele, aongoze. Kikohozi kikarudi kilikotoka.

Nikasimama gizani, shavu kwenye bati lililokwisha kushika joto, nasikiliza sherehe yangu mwenyewe.

"Mukasi iko wapi?" Tata Kalenga akauliza.

"Iko na Secrétaire."

"Na Secrétaire iko wapi?"

Sauti ya Ngoie: "Alikuwa anatafuta nyundo."

Wakanitafuta. Walinitafuta kwa majirani, walinitafuta kanisani, kuna aliyesema ameniona nikikimbia kuelekea soko nimeshika tumbo, nikamlaani. Wanamama waliimba wimbo wote, wakaurudia, sauti zikaanza kuchoka. Nikamsikia injinia: "Citoyens, bananingojea ku Nzilo. Bila mukasi, bila ufunguo, bila discours? Tutafanya siku ingine."

Siku ingine. Hata mtoto alijua maana yake. Nikasikia mlango wa gari unafunguliwa. Hapo nikamfikiria yule mtoto wa jirani, na wa kwangu mchanga kule nyumbani, na kile kijito. Ningependa kuwaambia niliwafikiria wao kwanza. Hapana, nilimfikiria mama mkwe kwanza, kisha wao, lakini niliwafikiria.

Nikagonga bati.

"Weee! Muko mutu mule!"

"Mwizi!"

"Mwizi wa nini, mu musalani?"

Nikapiga magoti nikaupitisha mkasi chini ya mlango, taratibu, mpaka ukatokea nje kwenye jua. Ngoma zikanyamaza.

"Nani?" akauliza Tata Kalenga.

"Ni mi, Tata."

"Mi nani?"

"Secrétaire."

"Unafanya nini mule ndani?"



Mngedhani wangenifungulia kwanza. Wapi! Tata Kalenga alikuwa mtu wa protokoli: mlango haufunguliwi kabla utepe haujakatwa. Injinia akaupangusa mkasi kwa kitambaa chake (aliupangusa sana), akakata, watu wakapiga makofi, ndipo nikaambiwa nipitishe ufunguo. Sasa, sisi tulikuwa tumewafundisha wanamama wiki nzima kwamba mlango ukifunguka tu, waimbe kwa nguvu na kupiga vigelegele. Mlango ukafunguka. Nikatoka mimi, abakosti nimekosea vifungo, upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka, na wanamama, kwa mazoea tu, wakaniimbia. Vigelegele, ngoma, kila kitu!

Na macho yangu yakagongana na ya mama mkwe.

"Mamaa yo!" Akajifunika kitenge kichwa kizima, akageuka, akakimbia katikati ya magari bila kuona anakokwenda, nusu ya waimbaji wakimfuata. Nilitamani kurudi ndani nijifungie mwenyewe.

"Discours," Tata Kalenga akaninong'oneza bila kufungua meno.

Nikampa. Akasoma sifa za viongozi, watu wakapiga makofi panapostahili, akageuza karatasi, hakuna kitu. "Ya pili?" Nikautazama ule mlango. Naye akautazama. "Hapana," akasema polepole.

"Njo vile, Tata."

Injinia alikuwa anakaza mashavu asicheke, lakini uso ukamgeuka ghafla. "Ule mama alikimbia nini?" Karatasi ilikuwa shimoni, heshima yangu ilikuwa shimoni, nikaona sina tena cha kupoteza isipokuwa bomba.

"Citoyen, ile karatasi ilikuwa ya kuomba bomba," nikasema. "Na ule mama ni mama ya bibi yangu. Asubuhi nilishindwa kupita mbele yake kuenda ku musalani ya nyumba yangu, njo nikaingia hapa. Mi mwenyewe nilisema mu mukutano hii mambo ni ya zamani. Nilidanganya. Haina ya zamani. Iko ya leo."

Mama mmoja mzee wa animasioni akapaza sauti nyuma: "Anasema kweli! Shiye tulikuya kuimba tu. Mwanamuke gani ataingia mule, mulango inaangalia barabara, bakwe bote banakuona?"

Nikafumba macho. Basi, nikasema moyoni, bomba limekwenda, na nimelizika mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Nilisubiri mlango wa gari. Nilipofumbua, injinia alikuwa amechuchumaa kwenye vumbi na suruali yake ile ya pasi, anachora nyumba kwa ncha ya mkasi.

"Bamama, mukuye hapa. Mulango yenu iangalie wapi?"

Wakaja wote kwa pamoja wakasema wote kwa pamoja. Iangalie mahindi. Iwe na ukuta. Njia yake ipite nyuma ya kanisa, siyo huku. Maneno mengi, na majibu yote walikuwa nayo siku zote, ila kampuni haikuwauliza, na kamati pia haikuwauliza, tulikuwa wanaume watupu na kalamu zetu. Kampuni ikaleta matofali, salongo ikajenga ukuta, mlango wa pili ukafunguliwa upande wa mahindi. Wanawake wakaanza kwenda. Injinia akaja kuona bila kutuambia, akaona.

Mimi nikalipa: kuku mweupe na kitenge kipya, kwa mkono wa mjomba wa Ngoie. Mama mkwe akapokea, akapanda treni akarudi Mutshatsha, na nyumbani ukimya wa Ngoie ulinila zaidi ya kicheko cha mtaa mzima. Nikaapa mambo mawili. Sitaweka tena mkasi wa watu mfukoni mwangu, na sitasimama tena kuwaambia watu haya zao ni za zamani kabla sijajaribu kuzipita mimi mwenyewe asubuhi moja, tumbo likiuma.

Kiangazi kilichofuata bomba likafika. Mama mkwe naye akaja kumwona mjukuu, wakamwomba tena aongoze nyimbo. Siku ya ufunguzi nilisimama mbele ya watu tangu alfajiri, mkasi nimeuinua juu kila mtu auone, sijala wala kunywa tangu jana yake. Lakini wasiwasi, rafiki zangu, hauhitaji munkoyo. Tumbo likaanza tena, nami nikakaza meno, natazama barabara wageni watokee. Ngoie akaja na mtoto mgongoni, anajikaza asicheke.

"Mama ananituma."

"Anasema nini?"

"Anasema uende kwanza. Bamama bote batageuka."

Nikatazama. Wanamama wote, na mama mkwe mbele yao, walikuwa wamekwisha kunipa mgongo, wametulia, wanaangalia mahindi. Nikampa Ngoie mkasi, nikaenda.