Kanuni ya Mwalimu Gourlay

Kwa miaka kumi na moja mwalimu Alastair Gourlay wa Dunedin alitafuta kanuni ya kuonyesha kwamba kati ya nadharia mbili zenye kosa, moja inaweza kuukaribia ukweli zaidi. Alipoipata na kuwaeleza wenzake, Hester, mwanafunzi wake wa zamani, aliinuka akaandika mistari mitano ubaoni.

"Kwa kipimo chako, mwalimu, nadharia zenye kosa hazizidiani. Hakuna iliyo karibu na ukweli kuliko nyingine."

Watu wakacheka. Gourlay aliipitia mistari yote mitano, mmoja mmoja.

"Lakini si angalau nimesogea kidogo?"

"Tukikupima kwa kanuni yako," Hester alisema akijipangusa chaki, "hujasogea."

Gourlay alifundisha miaka tisa zaidi, na kila mwaka mtaala ulimtaka awaonyeshe wanafunzi kosa lake.