Kiti cha Karibu na Dirisha

Kutoka Moyale hadi Nuu nilitumia siku tatu. Siku mbili nilikuwa juu ya lori la mbuzi, nimekalia vyuma, miguu ikining'inia juu ya migongo ya wanyama. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu wakati huo: mbuzi akilala namwinua kabla wenzake hawajamkanyaga. Nilishukia Thika nikinuka zizi, nikapata gari la Mwingi, na huko nikalala nikingoja pikipiki iliyokubali kuvuka mito ya mchanga hadi kwetu. Dada yangu alikuwa amepiga simu mara moja tu. Hakulia. Alisema, "Mwaitu amefura miguu mpaka viatu vimekataa. Daktari anasema ni figo, zote mbili. Wewe huna mke, huna shamba. Rudi."

Mwaitu ndiye mama, kwa Kikamba. Mimi nilipewa jina la babake, kwa hivyo tangu nikiwa mtoto aliniita asa, yaani baba. Nilikuwa nimepita miaka arobaini na bado aliniita hivyo.

Tangu nimalize kidato cha nne sikuwahi kukaa mahali pamoja miaka miwili. Kitale, Lokichar, Mtito Andei, Moyale. Kila nilipokuwa niliota harufu ya mchanga wa mto wa kwetu ukianza kulowa, na kila niliporudi kwetu, kabla ya wiki kuisha, masikio yangu yalianza kutafuta sauti ya malori. Sijui ugonjwa huo unaitwaje. Nautaja hapa kwa sababu ndio uliomuua mama yangu, kuliko figo.

Nilipofika aliniletea maji kabla ya salamu kuisha, kama anavyoletewa kila mgeni kwetu. Nikanywa nusu. Alikitazama kikombe mkononi mwangu jinsi mtoto anavyotazama mandazi ya mwenzake, kisha akakichukua ili amalize. Dada akampokonya.

"Asa, unaona?" mama akasema. "Nimechota maji ya nyumba hii miaka hamsini, leo nanyimwa kikombe."

Maji yalikuwa yamegeuka adui. Figo zikikataa, ukinywa maji hayana pa kutokea. Yanapanda miguuni, tumboni, mwishowe yanafika kwenye mapafu na unazama ukiwa kitandani. Alitakiwa kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kila wiki, maisha yake yote. Zamani jambo hilo lilikuwa la Nairobi, na watu wa huku walienda mara chache wakarudi wakiwa kwenye jeneza. Sasa mashine zilikuwa zimefika Kitui mjini. Tulipanga chumba kwenye soko la Tulia, nje ya mji, tukaiacha Nuu na mbuzi mikononi mwa dada.

Mama alipata kiti siku za Jumanne na Ijumaa asubuhi. Nasema kiti, kwa maana ndivyo wagonjwa wenyewe wanavyosema. Hakuna anayesema ana mashine. Ana kiti, na siku zake, na mwenzake wa upande wa kulia na wa kushoto. Cha mama kilikuwa karibu na dirisha. Pale aliunganishwa na mashine kwa saa nne, blanketi hadi kidevuni kwa sababu ya baridi ya damu inayotoka mwilini na kurudi, na macho yake yakiwa kwenye tangi la maji lililokuwa nje.

Wiki ya kwanza alimwuliza sista, muuguzi mnene wa makamo aliyekuwa mkubwa wa chumba kile, mashine moja hunywa maji kiasi gani. Sista akamwambia ni mitungi mingi, wala si mmoja.

"Na yakishatumika?"

"Yanamwagwa, mama."

"Yanamwagwa wapi?"

"Chini. Kwenye bomba."

Mtu aliyezaliwa Nuu hamwagi maji. Ya kunawa mikono yanaosha sufuria, ya sufuria yanapewa kuku. Ijumaa ile alikuja na mtungi wa lita ishirini, mtupu, akauweka chini ya kiti chake.

Chumba kizima kilicheka. Mzee wa kiti cha pili, dereva wa basi aliyestaafu, alicheka mpaka mashine yake ikapiga kelele. "Mama Nuu! Hiyo maji mbuzi wako wakikunywa watazaa mashine!"

"Wakizaa nitakuletea moja nyumbani," mama akamjibu, "uache kuamka alfajiri na hiyo sura."

Tangu siku hiyo akawa Mama Nuu. Sista hakumpa maji yaliyopita kwenye mashine, hayo yana uchafu wa damu, lakini yale ya chumvi yanayobaki kwenye mtambo wa kusafisha maji alimruhusu kuyakinga. Nikawa nabeba mtungi ule hadi Tulia, tukafulia nguo. Nyumbani, kikombe chake nilikipiga mstari mwekundu kwa rangi ya kucha. Hapo ndipo kipimo chake kilipoishia, kutwa nzima. Alikunywa kwa kulowesha midomo, na kila jioni yalibaki kidogo. Aliyaweka akiba, kwa zoea tu.

Kulikuwa na desturi moja mle ambayo hakuna aliyenifundisha. Kiti kikikaa kitupu asubuhi, wagonjwa hawakitazami. Wanaongea habari za mvua, za bei ya pojo, za mchungaji aliyenunua gari. Sista naye hasemi kitu. Siku ya kikao kinachofuata anaingia mtu mgeni, mnyonge, amefura, na anakaa pale. Nje kwenye benchi kulikuwa na wengine wakingoja. Huduma ilikuwa imekua, ndiyo, lakini wagonjwa waliongezeka haraka kuliko viti. Kiti kilipatikana kwa njia moja.

Nilivumilia Tulia karibu miaka miwili. Niliuza mkaa, nikabeba saruji, nikalinda duka. Asubuhi niliamka nikiwa na hasira nisiyojua ya nani. Kisha rafiki yangu wa siku za malori akanipigia. Alikuwa Malili, kwenye barabara kuu ya Mombasa, wanajenga maghala, na nafasi ya msimamizi wa vifaa ilikuwa wazi. Tena, akasema, huko upande wa Makueni kumefunguliwa kituo kipya cha figo, cha mtu binafsi, rangi bado mbichi, mashine zinang'aa, viti vinangoja watu. Bima inakubaliwa.

Nilienda kukiona. Kila kiti kilikuwa na televisheni yake. Nilisimama nje nikasikia malori yakibadilisha gia mlimani, na moyo wangu ukatulia kama mtoto aliyepewa ziwa.

Dada alikataa. "Unamhamisha mgonjwa ama unajihamisha?" aliniuliza kwenye simu. Sista naye, nilipompelekea barua ya kuhama, aliishika bila kuifungua.

"Ndugu yangu, fikiria. Kiti ukikiacha hakikungojei."

"Kule kuna nafasi nyingi, sista."

"Leo."

Barua niliiandika mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri wa shuleni. Mama alitia kidole gumba. Nilipomwuliza kama anataka kweli, alisema, "Asa, wewe ndiye unajua barabara." Dereva mstaafu alimwachia blanketi lake, akamtania kwamba huko Makueni watampa mtungi wa dhahabu.

Siku ya kwanza Malili mama alichemsha chai. Alipotia maziwa yakakatika, yakaelea mabongemabonge. Akarudia, yakakatika tena. Alitoka, akafungua bomba la nje, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi na kutema.

"Maji ya hapa ni ya kisima, yana chumvi," akasema. "Kule kituoni wanatumia gani?"

"Ya kisima pia. Lakini wana mtambo, mwaitu. Unatoa chumvi yote."

"Chumvi kama hii? Kila siku?" Alikitazama kile kikombe cha chai. "Hiyo mashine itakunywa nini?"

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka. Mwanamke aliyechimba visima vya mchanga tangu akiwa msichana, aliyeweza kuonja maji na kukuambia yametoka ng'ambo gani ya mto, alikuwa ananiambia jambo moja analolijua kuliko mtu yeyote wa kituo kile, na mimi nikamweleza kuhusu vichujio.

Miezi mitatu ilikwenda vizuri. Nilikuwa na furaha, na hilo pia sina budi kuliandika. Kisha asubuhi moja tulikuta wagonjwa wamesimama nje. Mtambo wa maji ulikuwa umeziba. Kijana wa mapokezi alisema fundi anatoka Nairobi, tuje kesho. Kesho fundi alikuja, akatoa vichujio vilivyoganda ukoko mweupe kama sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, iliyoungua, akatikisa kichwa. Vipuri vilikuwa vinaagizwa. Tuliambiwa Jumatatu, halafu Alhamisi. Siku ya tisa mama alilala ameketi, maana akilala chali alikuwa anakoroma kama mtu aliye chini ya maji. Nilikodi gari, tukavuka hadi Kitui.

Sista alituona mlangoni, akaelewa kabla sijafungua mdomo. Hakunigombeza. Mama alisafishwa siku hiyo kwa dharura, baada ya wengine kumaliza. Lakini kwenye kiti cha karibu na dirisha nilikuwa nimemwona mwanamke kijana mwenye sare ya walimu wa chekechea, akisahihisha madaftari kwa mkono mmoja.

"Nimemweka kwenye orodha," sista akaniambia. "Kwa sasa aje kila Jumanne na Ijumaa, akae kwenye benchi. Mtu akikosa kufika, anaingia."

Ndivyo tulivyoishi wiki sita, tumerudi Tulia, mtambo wa Malili ukiwa bado umeziba; nafasi alizipata chache, za kumweka hai tu. Tulifika alfajiri na kukaa. Mlango ulipofunguka tulihesabu waliokuwa wakiingia, mimi na ndugu wa wagonjwa wengine wa benchi, huku tukijifanya hatuhesabu. Mara moja mmoja alichelewa, na nilihisi kitu kinapanda kifuani mwangu, kitu chenye joto. Ilikuwa ni matumaini. Kisha mlango ukafunguka, mwalimu yule wa chekechea akaingia mbio, akihema, akiomba radhi kwa sababu ya mvua. Alimsalimu mama, "Wakya?" Mama akamwitikia, "Aa, mwanangu." Nami nikamchukia binti wa watu kwa kufika.

Mama alikuwa ananitazama. Miaka yote sikuwahi kuficha kitu usoni mbele yake.

"Asa, nipeleke nyumbani," akasema.

"Mwaitu, bado mapema. Pengine mchana..."

"Nimekaa hapa nikimwombea mtoto wa mtu asifike. Jumanne iliyopita niliomba hivyo kabisa, kwa maneno. Mimi ni mama wa kanisa." Alikunja blanketi la dereva na kuliweka kwenye mkoba. "Sitaomba hivyo tena. Twende."

Nilimbembeleza. Sista alimbembeleza, akapiga magoti kabisa mbele ya benchi. Dereva mstaafu aliita kutoka ndani, "Mama Nuu, unaniachia nani wa kugombana naye?" Mama alicheka, akampungia mkono. Wakati ule alikuwa bado anaweza kutembea hadi kwenye gari.

Huko Nuu mama alikaa siku kumi na moja. Siku ya pili aliomba maji. Dada alileta kile kikombe chenye mstari mwekundu, mama akamwambia ajaze. Dada alinitazama mimi. Nikageuza uso, naye akajaza. Mama alikunywa yote, polepole, bila kuacha hata tone, akafuta mdomo kwa kanga.

"Haya ni ya mtoni," akasema. "Ng'ambo ile ya mkuyu." Alikuwa sawa.

Siku za mwisho sitazieleza. Alizama, kama walivyosema atazama.

Kwenye mazishi mchungaji alinitaja. Alisema kuna watoto wanaosahau wazazi, lakini huyu aliacha kazi yake mbali, akarudi, akambeba mama yake kutoka hospitali hadi hospitali. Watu waliitikia amina. Wanawake wa kanisa walinishika mikono yote miwili. Dada alikuwa amesimama ng'ambo ya kaburi, macho kwenye udongo. Hajawahi kunitamkia neno lolote kuhusu ile barua, hata leo.

Nilikuwa nimeamua kukaa. Naapa nilikuwa nimeamua. Nilirekebisha zizi, nikapanda pojo na kunde kabla ya mvua, nikaanza kuamka bila kusikiliza malori. Wiki ya tatu baada ya mazishi, asubuhi ya Ijumaa, nilikuwa nachota maji kisimani mtoni simu ilipolia. Ilikuwa namba ya kituo cha Kitui. Alikuwa sista, na sauti yake ilikuwa na furaha. Hakuna aliyekuwa amempa habari.

"Ndugu yangu, mmepotea! Nimepata kiti, cha kudumu. Kile kile cha mama, cha dirishani. Mlete leo kabla ya saa sita."

Nilisema asante. Nilisema nimesikia. Sikumwuliza ni nani hakufika.

Nilipandisha mtungi hadi nyumbani nikaumimina wote kwenye pipa. Dada alikuwa anapepeta mahindi. Alipoona nimevaa viatu, aliinuka, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, cha kawaida, nikanywa nimesimama.

"Pojo atapalilia nani?" akauliza.

Nilimrudishia kikombe. Pikipiki ya Mwingi ilikuwa tayari inavuka mto.