Kilio cha Mwana na Kilio cha Punda

Nilipohamishiwa kisiwani Amu kufundisha hesabu, mtu wa bara nisiyejua hata kupanda boti bila kushikwa mkono, jambo la kwanza nililolitafuta ni mahali pa kushinda na kompyuta yangu siku za Jumamosi. Nikaelekezwa Karakana. Ni chumba cha ghorofani juu ya ghala kuukuu, chenye meza tatu ndefu na feni moja. Yeyote huruhusiwa kuingia, mradi avue viatu mlangoni na arudishe koleo alipoitoa. Watu huleta redio zilizokufa, simu zilizoingia maji ya chumvi, taa za sola, au wazo tu.

Chuoni nilikuwa nimesomea kuandika programu, na nasema kweli, nilizipanda zile ngazi nikidhani naenda kuwafundisha watu.

Ndipo nikamkuta Bi. Sote pale tulimwita hivyo. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mikono ya buibui kaikunja, analehemu nyaya nyembamba kama unywele kwenye bodi isiyozidi kiberiti. Mkono wake ulikuwa umetulia tuli. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi kwa kushona kofia, kitobo baada ya kitobo. Siku aliyoleta redio yake Karakana kutengenezwa, alimtazama fundi kwa muda, kisha akamwomba ampishe kiti. Alisema ile ni kazi ya sindano tu, ila sindano yenyewe ina moto.

"Mwalimu," aliniambia tulipoonana mara ya tatu, "nimesikia wajua kuandika programu. Mimi najua waya. Nna kazi yataka watu wawili."

Kazi yenyewe ilihusu binti aliyeolewa mjini Pate, mtoto wa dadake. Binti huyo ni kiziwi tangu kuzaliwa, na alikuwa na mtoto wake wa kwanza, wa miezi minne. Mumewe ni mvuvi. Huenda kuvua Mkokoni, akakaa huko siku kadhaa kabla ya kurudi nyumbani. Asubuhi moja mama alikuwa jikoni akikuna nazi, mtoto chumbani akanasa mguu kwenye chandarua. Alilia hadi sauti ikamkauka, mpaka jirani akaingia mbio. Tangu siku hiyo mama hakumweka mtoto chini tena. Alifua naye mgongoni, akapika naye mgongoni, akalala naye kifuani.

"Nataka kitu," Bi akasema, "mwana akilia chumbani, mamake ahisi mkononi."

Nikamwambia hilo ni jambo la siku mbili. Niliandika programu: sauti ikizidi kiasi fulani, kifaa cha chumbani kipeleke ishara kwenye kifaa cha mkononi. Bi akang'oa mota ndogo ya mtetemo kutoka simu mbovu, akaipachika kwenye mkanda alioushona kwa kipande cha kanga ili usimwashe ngozi. Jumamosi iliyofuata, maji yalipojaa, tukapanda boti kwenda Pate.

Mama alivaa mkanda akiwa na shaka. Tulimlaza mtoto chumbani, naye hakukawia kulia. Mkono wa mama ukatetemeka. Aliruka kama aliyeguswa na kaa la moto, akakimbilia chumbani, akarudi na mtoto kifuani, uso wote umejaa kicheko. Alipombembeleza akalala na kumrudisha chumbani, mimi nikajipongeza kimoyomoyo.

Kisha punda akalia kichochoroni.

Mkono ukatetemeka, mama akakimbia. Mtoto amelala. Punda wa pili akamjibu wa kwanza. Mama akakimbia tena. Adhuhuri ikaadhiniwa, akakimbia mara ya tatu. Ya nne ni mlango uliobamizwa na upepo. Hapo akauvua mkanda, akauweka juu ya rafu, akamfunga mtoto mgongoni, kisha akamwambia Bi maneno kwa mikono yake.

"Asema afadhali kuumwa mgongo kuliko kuumwa moyo," Bi akanitafsiria.

Nilianza kuutetea mtambo: kwamba angeuzoea, kwamba tungeusogeza mbali na dirisha. Bi akanigusa goti. "Wacha, Mwalimu. Yeye hakukosea. Sisi ndio hatukusikiza."

Na kusikiza ndiko alikokwenda kufanya. Mimi nilipendekeza tuagize maikrofoni bora kutoka Mombasa. Yeye alizunguka Amu na simu yake, akirekodi punda kila alipowakuta. Alikwenda pia kwenye foleni ya kliniki ya watoto, akaomba ruhusa kwa kina mama, akarekodi watoto wakichomwa sindano. Jumamosi baada ya Jumamosi tulikaa tukisikiliza vilio hivyo, wenzetu wakitucheka, huku mimi nikivichora kwa mistari kwenye karatasi.

Siku moja aliniita kabla sijavua viatu. "Ndoo hapa, Mwalimu. Sikiza. Punda hupanda akashuka. Mwana hashuki."

Nikasikiliza tena, nikaona ni kweli. Punda huvuta sauti nyembamba, kisha huporomoka hadi chini kabisa, nzito, halafu hupanda tena. Mtoto hulia juu, akakata pumzi, akalia palepale juu. Muadhini naye sauti yake ni ya mtu mzima, iko chini tangu mwanzo; na mlango ni kishindo kimoja tu. Michoro yangu ilikuwa imeonyesha jambo hilo wiki zote hizo na mimi sikuliona.

Nilidhani kuandika programu mpya kungekuwa kazi yangu. Jumamosi iliyofuata nikakuta ameshaianza. Alikuwa amejifunza kwa kusoma mistari yangu ya kwanza, mmoja mmoja, akiufuta na kuuandika tena ili aone kitakachoharibika. Pembeni ya mstari mmoja aliandika maelezo yake: *hapa ngoja avute pumzi*. Programu ilikuwa na makosa mawili, nikamwonyesha. Kosa la tatu lilikuwa langu la zamani. Alilirekebisha bila kunitajia.

Tulirudi Pate. Safari hii mama aliuvaa mkanda kwa heshima ya Bi tu. Punda alipopita dirishani na kufungua kinywa, mama aliuona ule mdomo ukipanuka, akautazama mkono wake, akasubiri. Mkanda kimya. Akatuangalia, akacheka mpaka akaketi chini. Mtoto alipolia, mkono ukatetemeka.

Lakini alipomaliza kucheka aliuliza swali, na Bi akalitafsiri polepole. "Asema, mkono ukiwa kimya, atajuaje kwamba ni mwana aliyelala, wala si betri iliyokufa?"

Sisi tunaosikia hatuogopi kimya kwa namna hiyo, na katika masomo yangu yote sikuwahi kujiuliza. Bi alimtazama binti wa dadake kama mtu aliyepewa zawadi. Akaketi mkekani, akaomba kompyuta yangu, akaanza kuandika palepale, harufu ya wali wa nazi ikitujia kutoka jikoni. Kila baada ya dakika moja, kifaa cha chumbani kingeugusa mkono kidogo sana, mguso mmoja, kusema kipo. Mguso usipokuja, mama aende akatazame.

Baada ya chakula mama alichukua beseni la nguo, akapanda darini kuzianika, peke yake, bila mzigo mgongoni. Bi na mimi tulibaki chini. Mtoto akaamka, akaanza kulia. Bi akainuka kwa mazoea kwenda kumchukua, nami nikamshika buibui. "Ngoja, Bi."

Tukangoja. Tukasikia miguu ikishuka ngazi kwa kasi. Mama akapita mbele yetu bila kututazama, akaingia chumbani, na kilio kikakatika. Bi alijifuta macho kwa upande wa mtandio, akaniambia ni moshi wa jikoni.

Mtoto huyo sasa anatembea na kumvuta mamake nguo akitaka kitu. Mwezi uliopita mama aliurudisha mkanda Karakana kwa mkono wa nahodha wa boti, ndani ya kopo la halua, na ujumbe kwenye simu: apewe mwanamke mwingine asiyesikia, yuko Mokowe, anakaribia kujifungua. Nilidhani Bi angeufuta vumbi na kuutuma. Alichukua bisibisi, akaufungua wote, akainamia waya mmoja uliogeuka kijani.

"Jasho limekula hapa," akasema. "Huu hatumpi mtu. Tunamshonea mkanda mpya, na waya wake tutaufunika vyema jasho lisiingie." Akanisogezea kiti kando yake.