Bingwa Aliyemnyamazisha Mdogo Wangu

Bibi yangu alikuwaga na ng'ombe mmoja mwekundu, mkaidi, hakubali kukamuliwa mpaka atajiwe ukoo wake. Usicheke, nakwambia nilichokiona. Unachuchumaa na kibuyu chako, unavuta chuchu, hakuna kitu, kabana maziwa kama mtu aliyebana neno. Mpaka bibi aje mwenyewe, amwekee kiganja mgongoni, aanze taratibu: wewe mtoto wa Madoa, Madoa mtoto wa yule aliyekuja kutoka Butiama kwa mahari ya shangazi yenu, yule aliyevuka mto umejaa na ndama ubavuni. Hapo maziwa yanashuka, povu linapanda mpaka shingo ya kibuyu, na ile harufu ya moshi, maana vibuyu vilikuwa vinafukizwa kwanza, inachanganyika na harufu ya umande na samadi. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshika ndama asije akadandia. Bibi akishamaliza anasemaga, "Hakuna kiumbe anayekataa kuitwa vizuri."

Sijui kwa nini nimeanzia kwa ng'ombe. Nilitaka kusema habari ya kriketi.

Majuzi nilikuwa Musoma kwa binti yangu, nimekaa barazani nakula michembe ya viazi vitamu vya kukausha na chai, upepo wa ziwani unaleta harufu ya dagaa wanaoanikwa. Mjukuu wangu kainamia simu yake. Nikachungulia, naona watu wa India wanacheza kriketi, ile ligi yao ya wachezaji wa mshahara, uwanja unawaka taa kama harusi. Kabla ya mechi walikuwa wanaonyesha mabingwa wa zamani. Mwaka fulani walichukua hawa, mchezaji bora huyu hapa, mwaka uliofuata wale, mmoja mmoja wananyanyua kombe, karatasi za rangi zinawadondokea kichwani.

"Babu, mchezo huu huujui," akasema.

"Naujua kabla baba yako hajazaliwa."

"Acha kamba, babu. Nyamuswa kulikuwa na kriketi?"

Nikamwambia asogeze simu, nasikiliza majina. Akanisogezea, ila nadhani mpaka leo anaamini nilimdanganya. Wewe nakueleza yote, halafu utaamua.

Nyamuswa ya utoto wangu ilikuwa barabara ya vumbi na maduka yake pembeni, na msimu wa pamba kila kitu kilikuwa cheupe. Pamba ilinasa kwenye miiba, kwenye nywele za wanawake, mpaka kwenye uji wa ulezi ungeikuta. Duka tulilonunua chumvi lilikuwa la Mhindi mmoja mwembamba, asiye na mke wala mtoto. Ukiingia unapokewa na ubaridi, harufu ya mafuta ya taa, sabuni ya magadi na khanga mpya. Mimi nilipenda kusimama pale hata kama sikutumwa kitu.

Yule mwenye duka alikuwa na tabia yake. Mikono ikiwa kazini, anapima sukari au anakunja kitambaa, mdomo unataja mabingwa. Kwao, alitusimulia, viwanda vya nguo vilikuwa na timu, na wachezaji walilipwa mshahara kurusha mpira na kuupiga kwa gongo. Bibi aliposikia hivyo alicheka mpaka akakaa chini. Mtu mzima analipwa kurusha mpira, mkewe anamwambia nini jioni? Lakini mwenye duka hakujali. Anaanza mwaka wa nyuma kabisa, timu iliyochukua kombe, mpigaji bora, mrushaji bora, anashuka nao mwaka kwa mwaka, kwa sauti ya chini yenye kubembea, ileile ya bibi kwa ng'ombe wake. Nadhani ndiyo maana nilipenda kusimama pale.

Sasa mwaka huo mama alijifungua mdogo wangu wa kiume, na yule mtoto alilia. Watoto wote wanalia, najua. Huyu alilia mpaka sauti ikawa ya mbuzi mgonjwa, akakataa ziwa, mbavu zikaanza kuhesabika. Mama alikuwa anachuma pamba huku machozi yanamtoka, na mtoto nilibebeshwa mimi mgongoni, kwa sababu dada sikuwa naye.

Kwetu jambo hilo lilikuwa na tafsiri yake. Mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anataka jina lake. Wanakaa wazee wa nyumba, wanataja waliokufa, na mtoto akinyamaza kwenye jina fulani, huyo ndiye. Anapakwa maziwa kifuani na ndugu wa marehemu, anaitwa kwa jina hilo, ananyonya. Na mtu aliye hai hatajwi kabisa, maana ni kama kumchimbia kaburi anakuona. Basi bibi alitaja wa kwake wote. Akataja wa upande wa mama, akatumwa mtu Butiama kuuliza waliosahaulika, wakatajwa na hao. Mtoto analia tu. Katekista alikuja akasema tumpe jina la mtakatifu yatakwisha. Akapewa, maji yakamwagwa, akalia kupita mwanzo. Bibi aliacha kula. Nilimsikia akimwambia mama, "Aliyemshika simjui mimi."

Siku hiyo bibi alikwenda dukani kununua chumvi, mimi nyuma yake na mzigo wangu unaolia mgongoni. Mwenye duka alikuwa juu ya kistuli anapanga viberiti, kageukia ukuta, anashuka na mabingwa wake. Timu hii, mpigaji fulani. Timu ile, mrushaji fulani. Akafika mwaka mmoja, akasema mrushaji bora, Kanti.

Mgongo wangu ukanyamaza.

Niliogopa nikadhani amekufa. Bibi naye alidhani hivyo, alinirukia akamtoa kwenye kitambaa. Mtoto macho yako wazi, anatazama kule juu kwenye kistuli, ananyonya kidole chake kama mtu aliyefika nyumbani.

"Rudia," bibi akamwambia mwenye duka. "Hilo la mwisho."

"Kanti?"

Mtoto akatoa pumzi ndefu.

"Huyo Kanti amekufa lini?"

Mwenye duka akashuka kistuli polepole. "Mama, Kanti hajafa. Ni ndugu yangu, tumbo moja. Mrushaji wa mkono wa kushoto, kiwanda chote kilimjua. Mzima."

"Ulimwona lini?"

Hapo akaanza kupangusa mizani ambayo haikuwa na vumbi. Alipoondoka kwao Kanti alikuwa kijana, na watu waliopita na habari zake walikoma kupita zamani.

Bibi akasema, kwa upole, sijawahi kumsikia akisema na mtu kwa upole vile, "Baba, mtoto amemjua. Wanaojua hivi wanatoka huko waliko marehemu. Pole sana."

"Usinipe pole, mama. Ndugu yangu mzima." Akatuwekea chumvi, akatufungulia mlango.

Basi fikiria hali ilivyokuwa. Jina limepatikana, lakini wa kulitoa alikuwa mmoja tu pale Nyamuswa, na kulitoa ni kumzika nduguye kwa mdomo wake mwenyewe. Tulipofika nyumbani mtoto akaanza tena. Mama alimwita Kanti, Kanti, kwa siri, haikusaidia, maana si ndugu. Wajomba wakasema akamatwe yule Mhindi aletwe kwa nguvu. Bibi akawauliza, "Ng'ombe akibana maziwa mnampiga?" Yeye alikuwa anapita tu mbele ya duka kila jua likiinama, mtoto mkononi analia, hasalimii, hasimami, anapita na kurudi. Mwenye duka aliacha kutaja mabingwa. Lile duka likawa kimya kama kanisa siku ya kazi.

Jioni moja tunakoka moto tukamwona anakuja, njia ya kwenye pamba, anamvuta mbuzi jike mwenye maziwa. Yeye hakulaga nyama, hata harufu yake alikuwa anaikwepa. Wajomba wakaanza kukonyezana kuhusu yule mbuzi, akawaambia, "Huyu wa kunywesha, si wa kuchinja. Nitakuja kumhesabu." Wakacheka, hata mama akacheka. Akakamua mwenyewe, vibaya, mengine yakaingia kwenye kiatu. Akachovya kidole, akampaka mtoto kifuani. Tukawa tunasikia vyura tu na yule mtoto anavyokwaruza sauti. Halafu akaanza mbali, kutoka mwaka wa nyuma kabisa, timu kwa timu, bingwa kwa bingwa, kwa ile sauti ya kubembea. Alipofika kwenye ule mwaka sauti ikakatika. Akasema, "Kanti."

Mtoto alinyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni. Yule bwana alilia nyuma ya zizi, na bibi akamshikia kichwa.

Toka hapo akawa mtu wa kwetu. Alikuja na sukari, akatuchongea gongo kwa ubao wa sanduku, tukasimamisha vijiti kwenye shamba lililovunwa. Na Kanti wetu alipoweza kusimama, akaokota jiwe akarusha. Kwa kushoto. Mtoto mwingine angechapwa ule mkono, yeye bibi alimwacha. Mwenye duka alimtazama sana siku ile, na mchezo ukaisha mapema.

Mdogo wangu yupo, ana mvi, anauza samaki Bunda, mkono wa kushoto ndio wa kukatia. Pamba siku hizi wanalima wachache. Duka lilibomolewa, pale wanapaki bodaboda. Vibuyu vya kufukiza sivioni, na watoto wakilia wanapewa simu. Sisemi ni vibaya. Nasikiliza tu mabingwa wa mjukuu wangu wakitajwa, na kwa ujinga wangu nangoja wafike mwaka ule.

Sasa siku zile, siku chache baada ya mtoto kurusha lile jiwe, asubuhi, mwenye duka alikuja na mfuko mmoja. Bibi alikuwa anakamua.

"Mama, naenda kuangalia."

Bibi hakuuliza kuangalia nini. Yule bwana akasimama, akachezea ufunguo wa duka.

"Nikimkuta mzima, huyu mtoto atakuwaje?"

"Ukimkuta mzima, mwambie ana wajina huku, aje amwone. Ukikuta kaburi, lisalimie."

Akacheka kidogo. Akaniachia mimi ufunguo, akamgusa mdogo wangu kichwani, akashika barabara ya Bunda kwa miguu, midomo yake inacheza, na sisi tukijua kabisa anataja nini.