Mahali pa Verna kwenye Safu

Verna Haldeman alikuwa askari mzuri kuliko nusu ya wanaume wa kombania yetu, na nasema hivyo mimi niliyewapikia wote kahawa na maharagwe. Kila kiangazi, hapa Pennsylvania, tulikwenda kwenye shamba la watu kuigiza vita vya babu zetu, Wamarekani wa Kaskazini dhidi ya wa Kusini, kwa bunduki zisizo na risasi. Verna alikata nywele, akabana kifua kwa kitambaa, akavaa koti la bluu la sufu na kusimama kushoto kwa mumewe, Merle. Watazamaji nyuma ya kamba hawakumtambua hata siku moja.

Vita vyenyewe havikumshughulisha. Merle alikuwa na moyo mbovu, tena mbishi, hata maji hakunywa mpaka alazimishwe. Verna alisimama pale ili asikie mumewe anavyopumua.

Kisha tukapata kapteni mpya, Dwight Kessler, muuza mabati anayesimulia historia kama vile alikuwepo.

"Verna, wanawake kwenye safu sasa basi," alisema. "Tunataka mambo yawe kama yalivyokuwa enzi zile."

"Wanawake walipigana, Dwight. Walijificha ndani ya suruali kama mimi."

"Ndiyo, walijificha. Wewe tunakujua sote."

"Kwa hiyo kosa langu ni wewe kunijua?"

Wanaume walicheka. Merle hakucheka. "Asiposimama yeye, na mimi sisimami."

"Hebu nyamaza, mzee wewe. Mwaka mzima umenipigia kelele za siku hii," Verna alimwambia, kisha akamgeukia kapteni. "Na moyo wake nani atauangalia?"

"Merle ni mtu mzima, bibie."

Ndivyo Verna alivyopewa gauni jeusi pana, shela na leso. Kazi yake ikawa kuigiza mjane, amlilie mume aliyekufa mbele ya watazamaji baada ya mapigano. Mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya mgongoni.

"Shoga, nimefanana na mjane?" aliniuliza.

"Umefanana na mtu anayetaka kumzaba kapteni kibao."

Tulicheka, Mungu atusamehe.

Siku ile jua lilikuwa kali mno kwa makoti ya sufu. Verna na mimi tulisimama kwenye kamba. Kwenye maigizo yetu kila mtu huchagua mwenyewe wakati wa kufa, na wazee hupenda kufa mapema, penye kivuli, walale wapumzike. Ukishakufa huinuki mpaka tarumbeta ya kumaliza ilie. Merle alianguka katikati ya jua, kifudifudi, bila kunyoosha mkono kujikinga.

"Leo umekufa vizuri, mzee!" mwenzake alimpigia kelele, akaendelea kufyatua.

Verna alinishika mkono hadi ukauma. "Hajawahi kufa juani," alisema, akainua kamba.

Mlinzi wa kamba, mwanamume wa kombania nyingine, alimzuia. "Mama, wanawake hawaingii mpaka tarumbeta. Baruti inawaka huko."

"Niache! Mume wangu anakufa!"

"Ndiyo, mama. Wote wanakufa," alijibu huku akitabasamu. Alidhani Verna ameanza zamu yake mapema.

Nilimwambia mlinzi ni kweli, nikamvuta shati, nikamwita kapteni kwa jina. Ngurumo ya mizinga ilimeza sauti yangu. Verna alimpiga mlinzi kifuani kwa ngumi zote mbili, naye akamshika kiuno kwa upole, kama mtu anayecheza naye.

Hatimaye tarumbeta ililia. Maiti wakaamka wakijikung'uta nyasi, wakitaniana, wakiulizana nani ana maji. Verna alikimbia katikati yao, gauni likamnasa miguuni, akaanguka, akainuka. Alimgeuza Merle, akafungua koti lake, akaweka sikio kifuani.

Kilio alichotoa sijakisikia tena kwa mtu yeyote, wala sitaki kukisikia. Na nyuma ya kamba watazamaji, walioahidiwa kuonyeshwa mjane, walisimama wote wakampigia makofi.